Cha kupikia nakuchagulia mimi

Jumamosi, soko la Lyulilo, jirani na Matema, kando ya Ziwa Nyasa. Mitumbwi ilikuwa imeshafika kutoka Ikombe, na wanawake wa Kikisi walikuwa wanashusha vyungu kimoja kimoja na kuvipanga mchangani kwa ukubwa wake. Niliinama mbele ya mama mmoja nikanyanyua chungu cha wastani, cheupecheupe, kilichozungushiwa mistari ya udongo mwekundu begani.

"Shikamoo mama. Hiki bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Unataka cha kupikia au cha kuweka sebuleni?"

Nikamuuliza kama kuna tofauti, maana mimi niliviona vyote sawa. Akanipokonya kile nilichokishika, bila ubaya, akakirudisha kilipokuwa.

"Cha sebuleni chagua mwenyewe. Cha kupikia nakuchagulia mimi."

Akaanza kazi. Alikiinamisha kimoja, akapitisha kiganja ndani taratibu hadi chini, akakigonga kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. Akakiweka kando. Cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu alikigonga upande huu na upande ule, akanipa. Mdomo wake ulikuwa umepinda kidogo, na tumboni kilikuwa na doa jeusi pale moshi ulipokilamba. Kwa macho yangu hakikuwa na uzuri wowote.

Maharage yanaiva ndani yake hadi leo, na sijaona ufa.

Kauli ya yule mama ndiyo iliyokataa kuniachia. Nikiosha vyombo, ipo. Nikiwa kwenye daladala, ipo. Wakati ule nilikuwa nimeshaanza kuandika makala nyingine, ya kumsifu mfinyanzi Magdalene Odundo, na makala ile ilisimama juu ya sentensi moja niliyoipenda sana: kwamba mama huyu wa Kenya aliutoa mtungi wa Kiafrika jikoni akaufikisha makumbusho.

Baada ya Lyulilo sikuweza tena kuiandika sentensi hiyo.

Jikoni kuna nini, hadi mtu asifiwe kwa kukitoa chungu huko?

## Mitungi isiyotiwa maji

Wengi mmeshaziona picha za kazi zake, kwa hiyo sitakaa sana hapa. Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Kazi zake zimo British Museum, zimo Metropolitan Museum ya New York, na zilikuwa Venice mwaka 2022 kwenye yale maonyesho makubwa ya kimataifa. Mwaka 2018 alifanywa mkuu wa heshima wa University for the Creative Arts kule Uingereza, na mwaka 2020 akapewa cheo cha Dame. Mnadani, mtungi wake mmoja unaweza kuuzwa kwa mamia ya maelfu ya pauni.

Hebu tuutazame mmoja tu, ule wa aina yake ya weusi. Kitako ni kidogo mno, unajiuliza unasimamaje. Tumbo linavimba, lakini halivimbi sawa. Linasogea upande mmoja, na shingo inainuka ikiegemea upande wa pili ili mzigo usawazike. Juu, mdomo unafunguka mpana, mwembamba, umekatwa mshazari. Nyuma, pale ambapo mtu angekuwa na uti wa mgongo, kuna vinundu vidogo vimepangwa safu. Mingine shingo yake inapanda na kutanuka juu, na hapo unakumbuka nywele za wanawake wa Kimangbetu wa kaskazini mashariki mwa Kongo, ambazo Odundo alizitazama kwa makini na kwa miaka mingi.

Mitungi hiyo haina majina ya kishairi. Lebo husema "bila jina", au inaeleza tu rangi na namna ya moto uliotumika. Mimi hilo nalipenda sana. Ameacha umbo lijieleze.

Na haitiwi maji.

Hapo ndipo watu wengi wanaoandika juu yake wanapowekea nanga. Mtungi usiotiwa maji, wanasema, umeacha kuwa chombo umekuwa sanamu. Nami niliwafuata kwa muda mrefu, kwa sababu ni maelezo mepesi na yanaonekana kuwa na heshima ndani yake.

Sasa yajaribu maelezo hayo pale Lyulilo. Vyungu vyote vya yule mama vimetoka shimo moja la udongo, vimefinyangwa na mikono ile ile, vimepita moto mmoja. Nikikinunua kimoja nikakiweka juu ya kabati, mama ni msanii. Nikikitia maharage, usanii unamtoka. Yaani hadhi ya kazi yake inaamuliwa jikoni kwangu, Jumapili jioni, na mtu ambaye hata kukigonga chungu hajui.

Haiingii akilini.

## Njia iliyopitia Uingereza

Kuna jambo jingine lililonisumbua, na hili linauma zaidi.

Utoto wa Odundo uligawanyika kati ya Kenya na India. Alisomea michoro ya matangazo Nairobi, na mwaka 1971 akaenda Cambridge kuendeleza fani hiyo hiyo. Udongo hakuufuata. Udongo aliukuta huko, kwenye kozi ya msingi ya sanaa, na akaukuta pia kwenye makumbusho ya Cambridge, ambako vyungu vya Afrika vimewekwa nyuma ya vioo.

Kisha Michael Cardew, mfinyanzi Mwingereza aliyekuwa ameanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja na baadaye akarudi kwao, akamshauri aende Nigeria. Akaenda, mwaka 1974.

Fuatilia njia hiyo kwa kidole kwenye ramani. Binti anatoka Nairobi. Anakwenda Uingereza. Kutoka Uingereza anaelekezwa Afrika Magharibi, na anayemwelekeza ni Mwingereza, ili akajifunze kufinyanga kwa mikono bila gurudumu. Na miaka hiyo yote wanawake wa Kiluo kando ya Ziwa Victoria wanafinyanga kwa mikono. Wapare wanafinyanga. Wakisi wanapakia mitumbwi.

Nililiona hilo na moyo ukanishuka. Nilijiuliza kama tunampenda Odundo kwa kazi yake, au kwa sababu wakubwa wa Ulaya walimpiga muhuri kwanza. Ni swali baya kumuuliza mtu aliyefanya kazi kwa bidii kiasi hicho. Lakini lilikuwepo, na sikutaka kulifunika.

Jibu nililolifikia, taratibu, si la kumlaumu yeye. Watoto wa mjini wa kizazi chake hawakufundishwa ufinyanzi shuleni. Walifundishwa kuchora kwa penseli, kupima kwa rula, kuandika herufi nzuri za matangazo. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya kijijini, ya wanawake, na mara nyingi ya ukoo fulani tu wenye miiko yake. Huwezi kuingia tu ukasema nifundisheni. Mpare atakwambia kwamba hata mwanamume kusogelea mahali pa kufinyangia kulikuwa na makatazo. Mjini hapakuwa na mlango wa kupita kufika huko. Mlango ulikuwa Cambridge, na hiyo ni habari ya shule zetu.

Bado shule zetu ziko hivyo.

## Wanawake wa Abuja

Abuja ninayoisema si mji mkuu wa leo. Ni ule mji wa zamani ambao sasa unaitwa Suleja. Kituo kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Cardew alikijenga kwa mfano wa karakana za Uingereza: wanaume kwenye magurudumu, tanuri kubwa la kuni, na rangi ya kioo, ile inayoyeyuka kwenye moto mkali na kuufanya mtungi ung'ae kama sahani.

Mwaka 1954 akaingia mwanamke wa kwanza, Ladi Kwali, Mgwari kutoka kijiji cha Kwali. Hakuja kujifunza kufinyanga. Alikuwa mfinyanzi mwenye sifa tayari. Mitungi yake ilikuwa ndani ya jumba la Emir wa Abuja, na huko ndiko Cardew alikoiona mwaka 1950 akashangaa. Baadaye wakaja wanawake wengine, akina Halima Audu, Asibi Ido na Kande Ushafa, wakawa na sehemu yao ya kufanyia kazi.

Kwa mitungi yake mikubwa Ladi Kwali hakutumia gurudumu. Alichukua donge la udongo, akalipiga kwa ngumi katikati likawa bakuli, akavuta kuta zake juu, kisha akaongeza kamba nene za udongo, moja juu ya nyingine. Mtungi ulitulia. Yeye ndiye aliyeuzunguka, akitembea kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mwingine nje, hadi mviringo ukanyooka kwa hatua zake mwenyewe. Mwaka 1972 alizunguka Marekani pamoja na Cardew akiwaonyesha watu jambo hilo, na wanafunzi wa vyuo wakamwangalia mama wa makamo akizunguka mtungi bila kifaa chochote cha kupimia, na mtungi unatoka duara.

Kisha akachora. Mijusi, nge, mamba, samaki, kwa mistari iliyochimbwa kwenye udongo mbichi.

Odundo alipofika Abuja angeweza kukaa na wanaume kwenye magurudumu. Alikaa na wanawake. Kwangu mimi hapo ndipo maisha yake ya kazi yalipogeuka, kuliko siku yoyote ya tuzo. Ukimwona leo anavyoanza mtungi, anaanza na donge, anatumbukiza ngumi, anavuta kuta, anaongeza kamba. Nusu karne imepita na mwanzo ni ule ule.

Sasa kuna kitu kuhusu mitungi ya Ladi Kwali ambacho kilinichukua muda kukielewa, na nilipokielewa nilisimama nikazunguka chumbani.

Mtungi wa maji wa kawaida hupoza maji kwa sababu unavuja kidogo sana. Maji yanapenya kwenye vitundu vya ukuta wake, yanafika nje, yanakauka kwa upepo, na kukauka huko kunachukua joto. Ndiyo maana maji ya mtungini, pale kona ya baraza, huwa baridi mchana wa jua kali. Mtungi lazima utoke jasho.

Lakini pale kituoni mitungi ya Ladi Kwali ilipakwa rangi ya kioo na kuchomwa kwa moto unaokaribia nyuzi 1,300 za Selsiasi. Ukuta ukaziba kabisa. Mtungi wenye umbo lile lile la mama yake na nyanya yake, wenye mijusi ile ile, haukuweza tena kupoza maji. Na hiyo ndiyo mitungi iliyosafirishwa hadi London mwaka 1958 ikaonyeshwa Berkeley Galleries, watu wakaishangilia.

Aliyeuzuia mtungi usifanye kazi yake ni tanuri la Uingereza. Ladi Kwali hakuwahi kusema kazi ya kijijini haimtoshi. Aliendelea kufinyanga kama alivyofundishwa, na moto wa watu wengine ukaufanya mtungi uwe wa kutazamwa.

Nilipofika hapo nikarudi kwa Odundo kwa macho mengine. Kwa sababu yeye alikuwa na nafasi ya kuchukua rangi ya kioo. Alisoma Farnham akamaliza mwaka 1976, akasoma Royal College of Art hadi mwaka 1982. Vyuo vyenye kila aina ya tanuri na kila kopo la rangi. Mtu aliyepita huko angetarajiwa atoke na mng'aro wa kioo.

Akaikataa.

## Moto mara mbili

Hapa naomba uvumilivu, kwa sababu hoja yangu yote iko ndani ya kazi yenyewe.

Mtungi wa Odundo ukishafikia umbo, anaukwangua kwa vipande vya kibuyu na vyuma vyembamba hadi ukuta uwe mwembamba na sawa kila mahali. Usawa huo si urembo. Udongo ukikauka hunywea, na pale palipo pembamba hunywea mapema kuliko pale palipo pazito. Sehemu hizo zikivutana, unapata ufa. Ndiyo maana mtungi unaachwa ukauke polepole mno. Na hata ukionekana mkavu, ndani ya ukuta bado kuna unyevu. Ukiupeleka motoni kwa haraka, unyevu unageuka mvuke bila pa kutokea, na mtungi unapasuka.

Kisha anausugua. Kijiwe laini, kwenda na kurudi, kwa saa nyingi. Chembe za udongo ni vijisahani vidogo visivyoonekana kwa jicho, na kusugua kunavilaza vyote upande mmoja hadi vinarudisha mwanga. Juu yake anapaka uji mwepesi wa udongo, ule wa chembe ndogo kabisa zilizobaki zikielea majini baada ya nzito kuzama. Anausugua tena. Hakuna rangi ya dukani hapo. Kinachong'aa ni udongo.

Na mng'aro huo una sharti. Ukiuchoma mtungi kwa moto mkali wa kiwango cha Abuja, vijisahani vinavurugika na mng'aro unapotea. Anayetaka mng'aro wa kusugua lazima achome kwa moto wa chini. Na mtungi wa moto wa chini haujaziba kabisa, una vitundu, unapumua.

Kwa maneno mengine, mtungi ule ulio nyuma ya kioo, wenye bei ya nyumba, kwa asili ya udongo wake ni ndugu wa damu wa mtungi wa kwenye baraza.

Moto wa kwanza una hewa ya kutosha. Chuma kilichomo kwenye udongo kinapata oksijeni na mtungi unatoka rangi ya chungwa au nyekundu. Odundo akiridhika, anauacha hivyo. Akitaka weusi, anaurudisha tena tanuruni ndani ya chombo kilichofungwa, pamoja na vipande vya kuni. Kuni zinaungua bila hewa, zinaunyang'anya udongo oksijeni yake, moshi unaingia kwenye ukuta, na mtungi unageuka mweusi. Mambo haya aliyachunguza pia San Ildefonso, New Mexico, Marekani, kwa wafinyanzi wenyeji wa huko, watu wa akina Maria Martinez, ambao huzima moto kwa samadi kavu ili moshi ufanye kazi hiyo.

Mahali hewa inapopenya, panabaki pekundu. Ndiyo ile mitungi yake ya mchanganyiko, nyeusi inayofifia ikawa hudhurungi, ikawa chungwa. Anaweza kupanga, anaweza kukisia, lakini neno la mwisho ni la moto.

Kwenye vitabu vya maonyesho sehemu hizo huelezwa kwa maneno mazuri sana. Ni doa la moshi. Ni lile lile lililo kwenye chungu changu cha maharage, na limetokana na sababu ile ile.

Nami sisemi kwamba ni vitu sawa. Chungu cha kupikia kinataka udongo wa kukwaruza, uliochanganywa mchanga au vigae vilivyopondwa, ili kikiwekwa motoni mara mia kisipasuke. Kinataka kitako cha duara kikae kwenye mafiga na joto lisambae bila kona ya kung'ang'ania. Udongo laini wa Odundo ukiuweka kwenye mafiga, nadhani utakulilia siku hiyo hiyo. Kila kazi ina udongo wake. Lakini elimu ni moja. Unene wa ukuta, subira ya kukausha, kujua moto umefika wapi kwa kutazama rangi yake. Yule mama wa Ikombe akisimama mbele ya mtungi wa Odundo, jambo la kwanza atakalotaka ni kuingiza mkono ndani.

Nina hakika pia kwamba angejua, kabla ya mtaalamu yeyote wa makumbusho, ni wapi pale shingoni Odundo alipopata tabu.

## Nani anachagua

Kwa hiyo nikarudi kwenye ile kauli. Cha sebuleni chagua mwenyewe. Cha kupikia nakuchagulia mimi.

Kwa muda niliisikia kama mpaka kati ya sanaa na matumizi. Sasa naisikia kama suala la mamlaka. Mama alikuwa ananiambia: kwenye uzuri nakuachia, kwa sababu macho unayo. Kwenye ubora wa kazi, huna unachokijua, tulia nikuhudumie. Alijua anaruhusu nini na anakataza nini.

Makumbusho mengi yamekifanya kila chungu cha Afrika kuwa cha sebuleni. Aliyechagua ni afisa wa koloni, mmisionari, msafiri. Amechukua kilichompendeza, amekipakia, na lebo ikaandikwa jina la kabila na mwaka. Aliyekifinyanga hakuulizwa kama hicho ndicho kizuri. Huenda angekicheka. Huenda angesema hicho niacheni, kilinishinda kwenye moto, chukueni hiki.

Ndiyo maana mwaka 2019 unanigusa kuliko tuzo zake zote. Mwaka huo jumba la Hepworth Wakefield, Uingereza, liliandaa maonyesho makubwa ya Odundo, The Journey of Things, ambayo baadaye yalikwenda Sainsbury Centre mjini Norwich. Zaidi ya kazi 50 zake zilikuwepo, lakini hazikukaa peke yake. Odundo mwenyewe alichagua vitu vya kukaa navyo: vyombo vya kale vya Ugiriki na Misri, sanamu za wachongaji Auguste Rodin na Barbara Hepworth, mavazi ya Uingereza ya enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, vyungu na vifaa vya matambiko kutoka pande nyingi za Afrika.

Mfinyanzi ndiye aliyepita kwenye hazina za watu, akainua, akatazama, akaamua kipi kikae na kipi.

Sikuwa na nafasi ya kwenda. Nimetazama picha hadi nikazichosha. Na kinachonifurahisha ni kwamba Rodin yumo kama mmoja wa walioalikwa, kwenye karamu ya mwanamke wa Nairobi, na chungu cha kijijini kimekaa naye meza moja kwa sababu mwenye jicho la ufinyanzi ameona kwamba tumbo la hiki na mgongo wa kile vinajibizana. Hakuna aliyetolewa jikoni. Jiko lenyewe limeingia na mamlaka yake.

Mwaka 2023 jumba la Gardiner, Toronto, Kanada, nalo likaandaa maonyesho yaliyoziweka kazi zake pamoja na vitu vya tamaduni nyingine. Naomba wa kwetu wasikie.

## Shangazi

Kuna jina moja bado sinalo.

Picha ya Ladi Kwali iko nyuma ya noti ya naira 20 ya Nigeria, mikono ikiwa kwenye mtungi. Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1977, yeye ambaye hakupita shule. Alipofariki mwaka 1984, kituo cha Abuja kilikuwa kimeshapewa jina lake. Na Odundo humtaja miongoni mwa waliomfundisha.

Lakini Ladi Kwali naye alifundishwa. Katika maelezo yote niliyoyasoma, aliyemfundisha anaitwa shangazi yake. Basi. Shangazi. Huyu ndiye aliyemwonyesha kupiga donge kwa ngumi, na donge hilo likafika London, likafika Farnham, likafika Venice.

Ningependa kujua alikuwa nani. Alichimba udongo wake wapi, alichoma msimu gani, vyungu vyake vilikwenda soko la siku gani. Kama aliimba akiwa anazunguka mtungi au alinyamaza. Kama alimpiga Ladi vidole alipokosea. Kama aliwahi kuuona mtungi wa mpwa wake uliopakwa rangi ya kioo, na kama alimimina maji ndani yake akangoja yapoe.

Wapo mashangazi wa namna hiyo hai leo, Ikombe, Upareni, kando ya Ziwa Victoria, na wengi ni watu wazima sana. Nimenunua daftari na nimeshampigia simu rafiki yangu wa Usangi. Amesema mvua zikikatika wataanza kuchoma, na kwamba nisije na maswali ya sanaa. Nije nikiwa tayari kubeba kuni.